Tulikipasha moto, mbona tumeugua?



Ndugu msomaji, wakati fulani nilikaribishwa kutoa darsa fupi la afya baada ya swala ya Alasiri katika msikiti mmoja hapa jirani na Mnazi Mmoja. Mada ilikuwa usafi wa chakula. Kwa kuwa Magharibi ilikuwa inakaribia, nikafupisha maneno. Nikasema, "Chakula kilicholala msikile hivi hivi. Kipasheni moto kwanza." Watu wakaitikia, nikashuka, nikajiona nimefikisha.

Miezi michache baadaye mama mmoja mtu mzima akaja kituoni akiwa ameshikwa mkono na binti zake wawili, na mjukuu wa miaka 2 amelegea mgongoni. Usiku uliotangulia nyumbani kwao kulikuwa na khitma. Pilau ilibaki nusu sufuria, ikafunikwa, ikalala jikoni. Asubuhi ikawekwa juu ya jiko la mkaa lililokuwa linaelekea kuzimika, ikapata uvuguvugu, watu wakanywea chai. Kufika saa 5 asubuhi nyumba nzima ilikuwa inatapika.

Nilimwamkia, "Shikamoo mama." Akaniitikia, "Marahaba mwanangu." Kisha akaniangalia usoni. "Sasa nikuulize wewe uliyetufundisha. Chakula tulikipasha moto kama ulivyosema. Mbona tumeugua?"

Alhamdulillah, wote walipona, na yule mtoto alirudi nyumbani siku ya pili baada ya kutundikiwa dripu. Lakini swali la yule mama halikunitoka. Kosa lilikuwa langu. Nilisema "pasheni" bila ya kusema mpaka kiasi gani. Wala sikusema kwamba kuna madhara ambayo moto ukishachelewa hauwezi kuyaondoa.

Makala haya ni kulipa deni lile. Ili jibu lieleweke itabidi tuingie ndani ya bakteria wenyewe, tuone moto unawafanya nini na wao wanajikinga vipi. Naomba subira yako, maana mambo yaliyomo humo ni ya ajabu, na mwisho wake ni jikoni kwako.

BAKTERIA AMEJENGWA NA NINI?

Tumchukue bakteria mmoja anayeitwa E. coli. Huyu anaishi ndani ya matumbo ya karibu kila mmoja wetu. Aina zake nyingi hazidhuru, na chache huleta kuharisha. Ni mdogo kiasi kwamba ukiwapanga 500 kwa urefu katika mstari mmoja utapata milimita 1 tu. Hata hivyo, ndani ya mwili huo mdogo mna protini mamilioni, na maelekezo ya kutengeneza aina zaidi ya 4,000.

Tumezoea kusikia protini ni maharage, samaki na mayai. Ni kweli, lakini kwa bakteria, kama kwetu sisi, protini ndizo mafundi wa seli. Nyingine zinavunja chakula, nyingine zinafungua na kufunga milango ya seli, na nyingine zinanakili maelekezo ya urithi. Zikisimama kufanya kazi, bakteria amekufa.

Kila protini huanza ikiwa mnyororo mrefu. Shanga za mnyororo huo huitwa asidi amino, na ziko aina 20. Kiwanda cha seli kinachoitwa ribosomu huziunganisha moja baada ya nyingine, na katika E. coli huunganisha zaidi ya 10 kwa sekunde moja. Lakini mnyororo ulionyooka haufanyi kazi yoyote. Ni lazima ujikunje, ushikane, upate umbo lake maalumu. Mfano wake ni kitambaa cha kilemba. Kikiwa kimelala kitandani ni kitambaa tu. Kikizungushwa kwa mpangilio wake ndipo kinakuwa kilemba. Kikizungushwa ovyo kinaanguka machoni.

Mwanasayansi wa Marekani, Christian Anfinsen, alionyesha kwamba umbo la protini limekwisha kuamuliwa na mpangilio wa shanga zake. Alichukua protini ndogo, akaikunjua ndani ya chupa ya maabara, kisha akaiondolea dawa iliyoikunjua. Protini ikajikunja yenyewe na kurudi kazini. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1972.

Sasa, ikiwa protini inaweza kujikunja yenyewe, tatizo liko wapi?

Tatizo ni msongamano. Ndani ya chupa ya Anfinsen palikuwa na nafasi. Ndani ya bakteria ni kama Mtaa wa Kongo pale Kariakoo siku mbili kabla ya Idi: watu bega kwa bega, mizigo kichwani, kila mtu anasukumwa. Na mnyororo wa protini ambao haujamaliza kujikunja una sehemu zinazokimbia maji, kama mafuta yanavyokimbia maji ndani ya mchuzi. Protini iliyokamilika huzificha sehemu hizo ndani. Protini changa huwa nazo nje. Zikikutana mbili za namna hiyo katika msongamano, zinang'ang'aniana. Zikija nyingine nazo zinanasa, mpaka linakuwa bonge lisilofaa kitu.

Bonge hilo umeliona mara nyingi jikoni. Vunja yai, tazama ute wake. Ni maji maji yanayopitisha mwanga, maana protini zake zimejikunja vizuri na kila moja iko peke yake. Litie kwenye kikaango. Moto unazikunjua protini zile, zinashikana ovyo, ute unageuka mweupe na mgumu. Hata ukilipoza yai hilo siku nzima, ute haurudi kuwa maji. Hivyo ndivyo moto unavyomuua bakteria: pamoja na kuharibu sehemu nyingine za seli, unazigeuza protini zake kuwa kama yai lililokaangwa.

KUNGWI WA PROTINI

Ingekuwa bakteria hana kinga, basi joto dogo tu la ziada lingemmaliza. Lakini Mwenyezi Mungu amekijaalia kila kiumbe hai njia za kuzilinda protini zake. Bakteria, mti wa mnazi, mbuzi na binadamu, wote wana protini maalumu ambazo kazi yake ni kuzisaidia protini nyingine zijikunje salama. Wataalamu wameziita chaperoni.

Neno hilo wamelichukua kutoka Ulaya. Zamani huko msichana ambaye hajaolewa alikuwa hatoki peke yake. Alifuatana na mwanamke mtu mzima wa kumchunga asiingie katika mahusiano yasiyofaa, na mwanamke huyo ndiye aliyeitwa hivyo. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa sana. Tunaye kungwi. Tuyaache yale ya unyago ambayo masheikh wetu wanayakemea, tuchukue ile maana ya msingi: mtu mzima anayekaa na mwali ndani, akamkinga na makundi mabaya mpaka atakapokuwa tayari, kisha akamwachia aende na maisha yake. Kungwi hafuatani na bibi harusi kwenda kuishi kwa mumewe. Chaperoni nayo hivyo hivyo. Ikishamaliza kazi inaachana na protini ile na kumshika mwali mwingine.

Tazama pia kwamba kungwi hampi mwali sura wala nasaba. Hivyo alizaliwa navyo. Chaperoni nayo haiipi protini umbo, kwa sababu umbo liko katika mpangilio wa shanga kama Anfinsen alivyoonyesha. Kazi yake ni kuzuia kushikana kubaya, na kuipa protini nafasi ya kujaribu tena.

Ndani ya E. coli makungwi hawa wako wa daraja mbalimbali.

Wa kwanza anakaa mlangoni mwa ribosomu. Mnyororo unapochomoza tu, anaupokea na kuzifunika zile sehemu zinazokimbia maji. Protini nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Zinajikunja zenyewe na kwenda kazini.

Wa pili anaitwa DnaK. Huyu hufuatana na minyororo inayochelewa kujikunja. Anashika kipande kinachonata, anakiachia, anakishika tena, mpaka mnyororo utulie. Ana msaidizi anayemletea wagonjwa na mwingine anayemharakisha kuachia.

Wa tatu ndiye wa kustaajabisha zaidi, anaitwa GroEL. Huyu ni chumba kizima. Vipande 7 vya protini vimepangwa duara, na juu yake duara jingine la vipande 7, vimebebana mgongo kwa mgongo kama mapipa mawili. Mdomo wa pipa unanata, kwa hiyo mnyororo ulioshindwa kujikunja unanasa pale. Kisha kinakuja kifuniko, nacho kina vipande 7, kinaitwa GroES. Kikifunika, ukuta wa ndani unageuka, haunati tena, na mnyororo unaangukia ndani. Humo uko peke yake, mbali na msongamano wa nje. Unapewa sekunde chache, mpaka kama 10 hivi, za kujikunja kwa utulivu. Kisha kifuniko kinafunguka. Ukiwa tayari unatoka. Usipokuwa tayari unaweza kurudishwa tena. Na kila safari inagharimu nguvu ya seli, sawa na mwenye nyumba anavyogharimika kumweka mwali ndani.

Chumba hiki si anasa. Wanasayansi walijaribu kumnyima E. coli maelekezo ya kutengeneza GroEL, wakaona hawezi kuishi, hata katika joto la kawaida. Ziko protini za lazima ambazo bila ya chumba kile hazikunjiki.

MBIU YA JOTO

Sasa tunakaribia sufuria ya pilau.

Mwaka 1962 mtafiti wa Italia, Ferruccio Ritossa, alikuwa akichunguza nzi wadogo wa matunda. Aligundua kwamba seli za nzi waliopata joto kupita kawaida zinaamsha ghafla maelekezo ambayo kabla yake yalikuwa yamelala. Baadaye ilibainika kwamba jambo hilo liko kwa viumbe vyote, wakiwemo bakteria, na kwamba nyingi ya protini zinazotengenezwa wakati huo ni makungwi wale wale tuliowataja. Mwaka 1989 Franz-Ulrich Hartl na Arthur Horwich walionyesha kuwa chumba cha namna ya GroEL kinahitajika ili protini zijikunje ndani ya seli hai, na mwaka 2011 wakapewa Tuzo ya Lasker.

Bakteria anajuaje kwamba kuna joto? E. coli ana mpiga mbiu anayeitwa sigma 32. Wakati wa utulivu, makungwi wakiwa hawana kazi nyingi, wao wenyewe wanamshika mpiga mbiu na kumnyamazisha, na anaharibiwa upesi. Joto likipanda kutoka nyuzi 37 hadi 42 za sentigredi, protini zinaanza kukunjuka. Makungwi wanamwacha mpiga mbiu na kukimbilia kuokoa. Akiachiwa anapiga mbiu, na kwa muda wa dakika chache tu seli inatengeneza makungwi kwa wingi.

Katika jeshi hilo yumo mmoja anayeitwa ClpB. Huyu haishii kuzuia mabonge. Akishirikiana na DnaK, anachomoa mnyororo mmoja mmoja kutoka katika bonge lililokwisha kushikana, na kuupa nafasi ya kujikunja upya. Ni kama mtu anayeweza kuurudisha ute wa yai uliochemka kuwa maji. Sisi jikoni hatuwezi, lakini bakteria anaweza, madamu bonge ni dogo na moto haujaendelea.

Na hapa ndipo penye somo. Maabara wamechukua makundi mawili ya E. coli. Kundi moja wakalitoa kwenye joto la kawaida na kulitia ghafla kwenye nyuzi 55. Kundi la pili wakalikalisha kwanza kwenye nyuzi 42, kisha wakalipeleka kwenye 55 hizo hizo. Kundi lililotangulia kupata uvuguvugu lilistahimili zaidi. Jambo la namna hiyo limeonekana pia kwa salmonela, bakteria wa sumu ya chakula, wanapopashwa polepole.

Rudi sasa kwenye jiko la mkaa linaloelekea kuzimika. Sufuria kubwa, pilau imeshindiliwa, moto mdogo. Pembeni na chini panapata joto, katikati panapanda taratibu na kuishia kwenye uvuguvugu. Uvuguvugu hauui bakteria. Unampa muda wa kupiga mbiu na kukusanya makungwi, na baada ya hapo, sufuria ikiepuliwa, anaendelea kuzaliana katika joto analolipenda.

Je, bakteria aliyejiandaa hivyo anaweza kushinda moto wa kweli? Hapana. Makungwi wana kikomo. Chakula kikifika nyuzi 70 mpaka katikati yake, protini zinakunjuka kwa wingi na kwa kasi ambayo hakuna wa kuziokoa. Mabonge yanajaa na kuta za seli zinavuja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka chakula kifikie nyuzi 70 kinapopikwa au kupashwa. Na maji yanayotokota yanafikia nyuzi 100 hapa kwetu Pwani, kwa hiyo yanamaliza kabisa vimelea vya kipindupindu, vya kuhara damu na vya homa ya matumbo. Tofauti ya "kupasha" na "kuchemsha" ni tofauti ya bakteria aliyeshtuka na bakteria aliyekufa.

KUNA YALE AMBAYO MOTO HAUYAPONYI

Sehemu ya pili ya jibu ni nzito zaidi, na ndiyo niliyoisahau kabisa siku ya darsa.

Yuko bakteria anayeitwa Bacillus cereus, mkazi wa udongoni na kwenye nafaka, mchele ukiwemo. Akiona hali ni ngumu, anajifungia ndani ya gamba kavu, linaitwa spora. Ndani ya spora maji ni machache mno, na protini zimekaushwa na kutulizwa kiasi kwamba hata kutokota kwa pilau kunaweza kusizikunjue. Mpishi hana kosa, kwa sababu pilau iliyoiva vizuri inaweza kuwa na spora.

Pilau ikipoa na kubaki kwenye uvuguvugu kwa saa nyingi, spora zinaamka, bakteria wanazaliana, na baadhi yao wanaacha sumu inayosababisha kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 baada ya kula. Sumu hiyo ni pete ndogo iliyofungwa, ndogo sana kuliko protini. Haina ule mkunjo wa kukunjuliwa. Kwa hiyo unaweza kuichemsha pilau mpaka iungue. Bakteria watakufa, lakini sumu yao itabaki vile vile.

Yupo na stafilokoka, anayekaa puani na kwenye vidonda vya vidole. Akiingia kwenye chakula kupitia mkono wa mpakuaji, na chakula kikakaa vuguvugu, naye anaacha sumu. Yake ni protini, lakini imejikunja kwa kukaza kiasi kwamba inavumilia hata kuchemshwa.

Dalili za nyumba ile ya khitma, kutapika kwa wote ndani ya saa chache baada ya kula pilau iliyolala, zinaelekea huko. Kwa hiyo, mama yangu, jibu lako ni hili. Kwanza, uvuguvugu wa asubuhi haukuwa kupasha. Pili, hata mngeichemsha, madhara yalikwishafanyika usiku. Dawa ya pilau ile ilikuwa ni kuihifadhi mapema jioni, na moto wa asubuhi peke yake usingetosha.

TUMBO NALO NI JIKO

Moto si adui pekee wa mkunjo. Asidi ya tumbo nayo inakunjua protini, na ni kinga kubwa tuliyojaaliwa. Vimelea vya kipindupindu ni dhaifu mbele yake, ndiyo maana kwa kawaida mtu mzima mwenye tumbo zima huhitaji kumeza wengi mno ndipo augue. Maji au chakula kilichochafuka sana huwaleta kwa wingi huo.

Lakini shigela, anayeleta kuhara damu, ana kungwi wa asidi anayeitwa HdeA, na E. coli anaye pia. Huyu amelala wakati wote. Asidi ya tumbo ndiyo inayomwamsha. Akiamka anazishika protini zilizokunjuka zisigandane, na wakivuka tumbo na kuingia kwenye utumbo, ambako asidi imepungua, anaziachia polepole zijikunje tena. Kungwi huyu, pamoja na kinga nyingine alizonazo, humwezesha shigela kupita salama. Bakteria 10 hadi 100 tu wanatosha kuleta ugonjwa. Hao wanaenea kwenye ncha ya kidole kimoja kilichotoka chooni bila ya sabuni.

Wakazi wa Dar es Salaam hatupaswi kusahau haraka. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka katika jiji letu, kikaenea mikoa mingi na kuvuka mpaka Zanzibar. Kabla ya kutulia kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 20,000 nchini. Ni ugonjwa ambao kuni chache za kuchemshia maji na kipande cha sabuni vinauzuia kwa sehemu kubwa.

DAWA NAZO

Kwa ufupi tu, ziko dawa zinazoupiga mkunjo wa bakteria moja kwa moja. Gentamisini, sindano inayotumika sana hospitalini, na streptomaisini iliyotumika miaka mingi kutibu kifua kikuu, zinaishika ribosomu ya bakteria na kuifanya ikosee kusoma maelekezo. Minyororo inatoka na shanga zisizo zake, haikunjiki sawasawa, na makungwi wanalemewa. Ni dawa kali zenye madhara kwa masikio na figo, kwa hiyo hazichezewi. Hupimwa kwa uzito wa mgonjwa na kutolewa kwa usimamizi. Usikubali kuchomwa sindano vichochoroni.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Chakula kilichoiva kisikae wazi jikoni zaidi ya saa 2. Kama kitaliwa baadaye siku hiyo hiyo, kiache juu ya moto au kwenye chombo kinachohifadhi joto, kibaki cha kuunguza, yaani zaidi ya nyuzi 60.

2. Pilau ya khitma, ya harusi au ya futari ikibaki, usiiache kwenye sufuria kubwa. Itandaze kwenye sinia au igawe kwenye vyombo vidogo ipoe upesi, kisha weka kwenye friji. Bora zaidi, wagawie majirani usiku ule ule ikiwa bado ya moto. Utapata thawabu na utaepuka kutapika.

3. Wali au pilau iliyolala nje ya friji usiku kucha, itupe. Najua inauma, na najua tumefundishwa kuchukia israfu. Lakini israfu ilikuwa pale tulipopika kupita kiasi na tukaacha kuhifadhi. Kumlisha mtoto sumu hakuifuti. Umeme ukikatika saa nyingi na friji likapoteza ubaridi, hukumu ni hiyo hiyo.

4. Kilichohifadhiwa vizuri, kipashe kidogo kidogo, kwa moto mkali, huku ukikoroga, mpaka mvuke utoke katikati na mchuzi utokote. Pasha kiasi cha kuliwa tu, na mara moja tu.

5. Maji ya kunywa yaache yatokote kwa nguvu walau dakika 1, kisha yapoe ndani ya chombo hicho hicho kikiwa kimefunikwa. Usichanganye na ya bombani ili yapoe haraka. Mafundisho ya kufunika vyombo vya chakula na maji usiku tunayajua tangu madrasa. Tuyatekeleze.

6. Uji wa mtoto kwenye chupa ya chai ni salama ukiwa bado wa moto sana. Ukifikia uvuguvugu, mpe mara moja au umwage. Usimsubirishie mpaka alasiri.

7. Wauza kahawa wetu wa barazani, kahawa yenu inatokota na haina shaka. Shaka iko kwenye kile kindoo kimoja cha kusuuzia vikombe vya watu 40. Badilisheni maji mara kwa mara, na mkiweza, suuzeni kwa maji ya moto.

8. Osha mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kupakua. Mwenye kidonda kidoleni akifunge vizuri au amwachie mwingine kazi ya kupakua.

Mtu akianza kutapika au kuharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS, pakiti moja kwenye lita 1 ya maji safi na salama, kidogo kidogo na mara nyingi. Mama anayenyonyesha asiache. Mkimbize kituo cha afya mtoto aliyelegea, macho yameingia ndani, hakojoi au hawezi kunywa. Vilevile mtu yeyote anayeharisha damu, au anayeharisha maji mengi kama ya mchele.

Ndugu msomaji, nilirudi msikitini pale Ijumaa iliyofuata nikaomba dakika 10. Nikawaambia, "Ile siku niliwapa nusu ya maneno. Leo chukueni iliyobaki." Yule mama alikuwa upande wa wanawake. Baada ya swala alimtuma mjukuu wake, yule yule wa miaka 2, aniletee kisahani cha vitumbua kilichofunikwa kawa. Nilipovishika vilikuwa bado vinaunguza vidole.

Wabillahi tawfiq.